Kila ua na saa yake: jinsi ya kutembelea bustani ya mimea ya jangwani Phoenix wakati wa machipuko

Kosa ninaloliona kila mwaka ni hili: mgeni anafika mchana wa Mei, jua la utosi, anauliza ua la saguaro, yule dungusi mrefu kama mti, liko wapi. Liko juu ya kichwa chake, limeshafumba. Ua hilo hufunguka usiku na kufumba mchana unaofuata, basi, halirudii. Kwa hiyo ratiba yako ipange kwa saa ya maua.

Bustani ninayoizungumzia ni Desert Botanical Garden, iliyofunguliwa mwaka 1939 ndani ya Papago Park, Phoenix, jimbo la Arizona, Marekani.

Hatua ya 1: Chagua ua, ndipo uchague mwezi. Machi ni ya maua ya porini, lakini kwa sharti: mvua za kipupwe ziwe zimenyesha vya kutosha. Zisiponyesha, mbegu hubaki zimelala ardhini. Kuelekea Aprili, miti ya mipaloverde hugeuka njano tupu na ocotillo, kichaka cha miba, huwasha ncha nyekundu kwenye fimbo zake ndefu. Saguaro huanza mwishoni mwa Aprili, hunoga Mei na kuingia Juni. Ukiniuliza mimi, katikati ya Aprili ndiyo bora: joto linavumilika na dungusi wadogo wamechanua. Mei huweza kupita nyuzi 35.

Hatua ya 2: Kata tiketi mapema, kisha angalia saa yako. Majimbo mengi ya Marekani husogeza saa mbele mwezi Machi. Arizona haisogezi, isipokuwa eneo la Wanavajo. Ukitokea jimbo jingine, hakikisha usije ukapishana na muda wa tiketi.

Hatua ya 3: Beba maji, kofia pana, kibano na kitana. Naam, kitana cha nywele. Cholla ni dungusi mwenye vipingili vinavyokatika kwa kuguswa tu, hadi watu husema vinaruka. Miba yake ina vikulabu, na ukishika kipingili kwa mkono, sasa umenaswa mara mbili. Pitisha meno ya kitana kati ya ngozi na kipingili, kisha kirushe kwa mkupuo mmoja mbali na watu. Mpungate ni mjanja zaidi: unaonekana laini, kumbe una vijiba vidogo kama unywele. Vitoe kwa kibano, na usithubutu kunyonya kidole, vitahamia ulimini.

Hatua ya 4: Panga mzunguko wako. Mei, ingia lango linapofunguliwa na uende moja kwa moja kwenye saguaro. Machi ni kinyume: popi za jangwani hujikunja usiku na siku ya mawingu, hungoja jua lipande. Anza na miti, njia ya maua ya porini iache hadi saa nne hivi.

Hatua ya 5: Simama. Gusa gome la mpaloverde, ni la kijani. Majani yake ni madogo na hupukutika ukame ukizidi, hivyo gome lenyewe humtengenezea mti chakula. Kwenye ocotillo subiri dakika chache uone ndege mvumaji. Kazi yake ni ile ya chozi wetu, ila yeye hufyonza akielea hewani.

Kisha inua macho kwenye saguaro. Maua meupe kama nta hukaa kama shada kwenye ncha, katikati yamejaa chavua. Usiku popo huzamisha uso humo, asubuhi huja nyuki na njiwa. Mifereji ya shina ni kama mikunjo ya kodiani: mvua ikinyesha hutanuka, ukame ukija hubana. Matundu unayoyaona yametobolewa na kigogota. Mmea huziba jeraha kwa gamba gumu, na shina likishaoza, gamba hilo hubaki mchangani kama mtungi. Na ukiona mkono, yaani tawi la saguaro, heshimu umri: wa kwanza huchukua miaka 50 na zaidi kuchipua.

Hatua ya 6: Picha. Ua jeupe juani huungua pichani, likabaki doa jeupe tupu. Punguza mwanga wa kamera kidogo, au mwombe mwenzako asimame alitilie kivuli kwa kofia.

Kabla ya kuingia garini, geuza soli za viatu. Kipingili cha cholla husafiri bila tiketi, na kitana kisiwe kimefungiwa kwenye buti la gari.