Anza kulea vinzi, vunjajungu aje baadaye

Wengi wakimuona vunjajungu kwenye mti wanamtia kwenye chupa wanaenda naye nyumbani, halafu kesho yake ndo wanaanza kuuliza anakula nini. Hapo umeshachelewa. Vunjajungu hagusi majani wala wali, anataka kitu hai kinachotembea mbele ya macho yake, na akishakula leo baada ya siku mbili tatu anataka kingine. Kwahiyo kama unataka kumfuga, au watoto wako wanataka, anza na chakula, yaani vinzi, wiki mbili kabla.

Mimi nimejifunza kwa kuumia. Nipo Morogoro, nilikuta kifuko cha mayai kimegandia kwenye tawi la mpera, kinafanana na povu la kahawia lililokauka, nikakata tawi nikaliweka kwenye ndoo nikafunika na neti. Kama mwezi mzima kimya. Asubuhi moja nafungua nakuta vitoto zaidi ya mia vinaning'inia kwa pamoja, kila kimoja saizi ya punje ya mchele, na ndani sina hata kinzi kimoja, nikahangaika kutafuta vidukari kwenye kunde lakini havikutosha, siku ya tatu wakaanza kulana wenyewe kwa wenyewe. Nilibaki na tisa. Iliniuma sana kwa sababu kosa lilikuwa langu kabisa.

Chakula cha vitoto ni vile vinzi vidogo vya macho mekundu vinavyozunguka ndizi iliyoiva kupita kiasi. Siongelei wale nzi wa njano wanaoharibu maembe, wale ni wakubwa na ni adui wa mkulima. Chukua kopo la plastiki, ponda ndizi mbivu, changanya na unga kidogo wa mahindi ili isiwe majimaji, nyunyiza hamira kidogo sana na siki kijiko kimoja kuzuia ukungu, chomeka vipande vya karatasi ngumu ili vinzi vipate pa kupanda, acha wazi siku moja jikoni vinzi viingie wenyewe vitage, kisha funika kwa kitambaa na raba bendi. Joto likiwa kama nyuzi 25, baada ya siku 10 hadi 14 kizazi kipya kinatoka. Hapa watu wa Dar na Tanga nisikilizeni vizuri, joto likifika nyuzi 30 madume wanaolelewa humo wanakuwa tasa, utaona vinzi vipo lakini kopo linalofuata halitoi kitu, basi weka kopo sakafuni sehemu ya baridi na sio juu ya kabati karibu na bati. Na usiwe na kopo moja, anzisha lingine kila wiki.

Shida ya vinzi vyetu ni kuruka. Ukitaka kuvihamisha weka kopo kwenye friji dakika chache, vinalegea, unavimimina haraka kwenye chupa ya vunjajungu kabla havijapata joto. Kama huna friji weka kipande cha ndizi ndani ya chupa ya vunjajungu, chomeka mdomo wa kopo kwenye tundu na vinzi vitafuata harufu vyenyewe.

Akikua kidogo anataka kitu chenye nyama. Kama wewe au jirani mnafuga funza wa BSF (black soldier fly, yule nzi mweusi) kwa ajili ya kuku, una bahati kubwa, acha wachache wasilishwe kuku wageuke wawe nzi. Nzi wale hawaumi na hawana tabia ya kung'ang'ania chakula mezani, na kwa vunjajungu ni windo safi kuliko nzi wa chooni ambao mimi siwatumii kabisa. Ufugaji wa wadudu huku kwetu sio mambo ya kubahatisha tena, kituo cha utafiti wa wadudu cha icipe pale Nairobi kipo tangu 1970 na wamefanya kazi nyingi kwenye BSF na nyenje, kwahiyo maarifa yapo.

Nyenje, wale weusi wanaolia usiku, wanalelewa kwenye ndoo pana yenye trei za mayai ndani ili wajifiche, chakula cha vifaranga, vipande vya karoti, na maji kwenye pamba iliyolowa, usiweke bakuli maana wadogo wanazama. Weka kikopo cha mchanga wenye unyevu, majike watachomeka mayai humo. Ukiwabania chakula au maji wanatafunana. Na sisimizi! Siku moja tu wanamaliza ndoo nzima, kwahiyo weka meza yako miguu ndani ya makopo yenye maji na tone la mafuta.

Wa kuokota pia wapo, jioni washa taa nje utapata nondo, mvua zikianza utapata kumbikumbi, mchana pitisha wavu kwenye majani utoke na panzi. Ila ogopa dawa. Mwaka jana nilichukua panzi pembezoni mwa bustani ya nyanya ya mtu, sikujua ilikuwa imepuliziwa siku ile, jioni vunjajungu wangu mkubwa alianza kutetemeka miguu na hakufika asubuhi. Sasa siokoti chochote karibu na nyanya wala kabichi, na mende wa ndani siwagusi kwa sababu huwezi jua katoka nyumba gani iliyopigwa dawa. Wale panzi wa rangirangi wanaonuka kwenye mihogo waache, wana sumu mwilini, na kimulimuli naye muache.

Ukubwa wa windo usizidi nusu ya mwili wake. Mtazame tumbo, likiwa bapa ana njaa, likiwa limejaa usimlazimishe. Maji mpulizie matone ukutani mwa chupa mara moja kwa siku, anayanywa.

Akikataa kula siku kadhaa na ananing'inia kichwa chini hatembei, anataka kujivua gamba, toa kila kitu hai humo ndani haraka. Nyenje aliyesahaulika anaweza kumtafuna akiwa laini, nimeona mguu wa mbele ukiliwa hivihivi mchana. Hakikisha chini yake pana nafasi ya kushuka angalau mara mbili ya urefu wake. Utamuona anateleza taratibu kutoka kwenye ngozi ya zamani, mweupe mweupe, miguu imelegea kama uzi uliolowa. Mwache siku nzima mpaka miguu ikaze, kisha mpe kinzi kimoja kidogo uone kama anakidaka.