Kutofautisha kauri moneta na kauri annulus: anza na ukingo, si rangi

Kauri hizi mbili, konokono wadogo wa baharini wenye kombe linalong'aa, Monetaria moneta na Monetaria annulus, huishi katika bahari zilezile, toka pwani ya Afrika Mashariki hadi visiwa vya Pasifiki, na mara nyingi huokotwa pamoja. Wengi huangalia pete tu: yenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni huitwa annulus, isiyo nayo moneta. Makosa huanzia hapo. Moneta nyingine zina kijipete chembamba, na annulus iliyosuguliwa na mchanga hupoteza yake.

Kwanza chungulia kwenye ufa wa chini. Kauri aliyekomaa hana kifuniko cha mlango, kwa hiyo akiwa ndani utaiona nyama yake. Mwache palepale.

Kombe tupu lioshe kwa maji yasiyo na chumvi na mswaki laini. Siki na ndimu usiziguse kabisa: kombe ni kalsiamu kaboneti, asidi huila, na mng'ao ukishaondoka haurudi. Aliyekuwa akiutengeneza ni konokono mwenyewe, kwa ngozi laini anayolifunikia kombe lake akiwa hai.

Sasa liweke juu ya karatasi nyeupe, upande wa ufa wenye meno ukiwa chini, ulitazame kutoka juu. Annulus ina umbo la yai, ukingo umeteremka taratibu. Moneta ina pembepembe, karibu pembe sita, na sehemu yake pana zaidi iko kuelekea ncha moja, ile ya nyuma. Macho yakisita, fumba na upitishe ncha ya kidole ukingoni polepole: kwenye annulus kidole huteleza, kwenye moneta hupanda na kushuka juu ya vinundu, hasa huko nyuma palipopanuka.

Rangi ije baadaye, kama ushahidi wa pili. Moneta huwa ya njano hafifu au njano yenye ukijani, wakati mwingine na mikanda ya giza inayokata mgongo. Annulus ni ya kijivu au ya buluu iliyopauka ndani ya pete, nje yake nyeupe-nyeupe. Ukiona zambarau, tabaka la juu limelika. Usiiamini tena rangi ya kombe hilo.

Ukubwa hausaidii, zote kwa kawaida zina milimita 15 hadi 30. Wala ndogo si lazima iwe changa, kwani kauri akishakomaa kombe huongezeka unene tu. Changa hujulikana kwa wepesi wake, mdomo usiojikunja, na kutokuwa na meno. Hiyo iweke kando, maana vinundu havijaota bado.

Zinazosumbua zaidi ni kauri za kushonea, zilizokatwa mgongo. Pete imeondoka pamoja na kipande kilichokatwa, lakini ukingo umebaki. Utumie huohuo, kisha kagua mzunguko wa mkato kwa lenzi: alama ya rangi ya chungwa iliyosalia huelekeza kwenye annulus, ila ukingo ukiwa na vinundu, fuata vinundu.