Zaburi ya 121, aya moja baada ya nyingine

Anayetaka kuanza kukariri Maandiko aanze na Zaburi ya 121, kwa kuwa ina aya 8 tu na lugha yake inaimbika kinywani. Chagua tafsiri moja, tuseme Union Version ambayo wengi wetu tuliisikia kanisani tangu utotoni, wala usiibadilishe katikati, maana maneno ya tafsiri mbili yakichanganyika kichwani huwa vigumu kuyatenganisha.

Soma aya kwa sauti, funga Biblia, iseme, kisha ifungue uhakikishe, ukitaja sura na aya mwanzoni na mwishoni. Usiongeze aya ya pili kabla ya kulala na kuamka ukiwa bado unayo ya kwanza. Penye shida hasa ni aya ya 7 na ya 8, kwani zote mbili huanza kwa “Bwana atakulinda”, na ulimi huruka kwa urahisi kutoka moja hadi nyingine. Mimi nilizitenganisha kwa kuifunga kila moja na mahali pake: ile ya “mabaya yote” naisema kitandani usiku, na ile ya “utokapo na uingiapo” naisema mlangoni asubuhi, mkono ukiwa kwenye kitasa, kabla sijatoka kwenda kazini.

Ukishaimaliza, irudie yote kila Jumapili kwa miezi kadhaa, ukiiomba kwa kumtaja mtu badala ya kuikariri tu: mgonjwa, msafiri, au mtoto aliye shule ya bweni.