Jinsi ya kuandika historia ya shule ya bweni iliyoanzishwa na masista

Tarehe ya kuanzishwa ndiyo inayowakwaza wengi, kwa hiyo anza nayo. Shule ya namna hii huwa na tarehe tatu au nne: siku masista walipofika, siku wasichana wa kwanza walipoingia darasani, siku askofu alipobariki jengo, na siku serikali ilipoisajili shule. Usichague moja ukazifuta nyingine. Ziandike zote, kila moja na hati yake, kisha useme shule huadhimisha ipi.

Majina nayo hupoteza watu. Shule ya wasichana ya Kilakala, Morogoro, kwa mfano, ilianza 1957 kama Marian College, chini ya masista wa Maryknoll, shirika la Marekani lililoanzishwa 1912. Baada ya Sheria ya Elimu ya 1969 ikawa shule ya serikali na jina likabadilika. Ukitafuta karatasi zake za mwanzo, tafuta Marian. Ukitafuta Marian leo mtandaoni, utaletewa ya Bagamoyo, ambayo ni shule nyingine kabisa. Kabla hujagusa faili lolote, andika orodha ya majina yote ya shule na miaka yake.

Shule ikishabadilisha mikono, karatasi hutawanyika. Rejista ya wanafunzi kwa kawaida hubaki shuleni, mara nyingi stoo, chini ya madawati mabovu. Shajara ya nyumba ya masista hufuata shirika; za Maryknoll ziko makao makuu yao, jimbo la New York. Barua za ruzuku na ukaguzi zitafute Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Unapomwandikia mtunza nyaraka, taja nyumba na kipindi kifupi, miaka mitatu au minne. Ukiomba "kila kitu kuhusu shule yetu", utangoja sana.

Shajara isome kwa tahadhari. Iliandikwa ili isomwe na wakubwa wa shirika, basi imejaa mvua, wageni na sikukuu, na njaa haitajwi sana. Iweke kando ya daftari la stoo. Tuseme daftari linaonyesha magunia 12 ya unga kwa mwezi, kila gunia ratili 200 (ratili moja ni kama gramu 450), kwa wasichana 120. Hizo ni ratili 2,400, yaani 20 kwa kila msichana kwa mwezi, kama gramu 300 kwa siku. Huo ni ugali wa mlo mmoja wa kushiba, au miwili ya kubana. Hesabu hiyo fupi inasema mengi kuliko kurasa kumi za shajara. Fedha za ukoloni zigeuze vilevile: pauni 1 ni shilingi 20.

Madarasa pia yana mtego. Katika karatasi za Tanganyika za miaka ya 1950, sekondari ni Standard IX hadi XII, kwa hiyo "Standard X" ni Kidato cha Pili. Masista nao wana majina mawili: baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, 1962–1965) wengi walirudia majina yao ya ubatizo. Tengeneza jedwali lenye jina la utawani, jina la ubatizo, cheo na miaka, la sivyo sista mmoja atageuka wawili. Mkuu wa nyumba na mkuu wa shule ni vyeo tofauti. Hati haisemi kila mara yupi ni yupi.

Mahojiano na wanafunzi wa zamani yasizidi dakika 90. Usiulize "maisha yalikuwaje?", utajibiwa "mazuri". Uliza kengele ya kwanza iligongwa saa ngapi na nani aliigonga, sanduku la bati liliwekwa wapi, Jumapili mlikula nini. Saa zihakiki palepale: saa kumi na moja alfajiri ya bibi ni 5.00 ya shajara, na ukichanganya, ratiba nzima ya siku itapinda. Watafute pia wapishi, walinzi na mafundi waliofyatua matofali. Shajara huwataja kwa kazi tu, bila majina, na hili ndilo pengo kubwa katika historia nyingi za shule hizi. Wakishafariki, hakuna pa kulizibia.

Kupiga picha hati, kaa karibu na dirisha, zima mwanga wa simu, na maelezo yaandike kwa penseli tu. Anza na jalada, kisha kila ukurasa kwa mpangilio, hata ulio mtupu. Faili liite kwa chanzo, mwaka na ukurasa. Picha 400 zenye namba zilizowekwa na simu yenyewe pekee hazina faida baada ya mwezi mmoja.

Sababu za wasichana kufukuzwa zitaje kwa jumla, bila majina. Wengine wangali hai, na wana wajukuu.

Rasimu wape wahitimu wa vizazi vitatu tofauti na sista mmoja waisome. Wasipokubaliana juu ya jambo, chapisha kauli zote mbili. Nakala za picha na sauti ziache shuleni, kwenye shirika na jimboni kwa askofu.