Namna ya Kumsaidia Mtoto Asiyeweza Kutulia, na Mtu Mzima Pia

Kabla ya kumwita mtoto mtundu au mvivu, mzazi wa Tabora ahakikishe kwanza kwamba macho, masikio na usingizi wake viko sawa, kwa kuwa mtoto asiyesikia vizuri, au aliyepungukiwa damu kwa malaria ya mara kwa mara, huweza kuonekana kama mwenye tatizo la umakini. Tatizo lenyewe, ambalo madaktari huliita ADHD (umakini mdogo na kutotulia kupita kiasi), hutambulika kwa dalili zilizoanza kabla ya miaka 12, zikadumu angalau miezi 6, tena nyumbani na shuleni. Zikionekana darasani tu, chunguza kwanza darasa. Andika unayoyaona, kisha upeleke daftari hilo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Kitete.

Nyumbani, toa agizo moja kwa wakati. Ukimwambia akachote maji, akirudi aoshe vyombo, kisha ampelekee bibi unga, atafika bombani akiwa ameshasahau mengine. Mtajie maji tu, mtazame machoni, arudie agizo kwa kinywa chake, na akirudi na ndoo msifu papo hapo. Viboko, nasema kwa uchungu, havimwongezei umakini, vinamwongezea woga.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 6, malezi ya namna hii hutangulia dawa. Mkubwa zaidi anaweza kuandikiwa methilfenideti, dawa ya kusaidia umakini, huku daktari akifuatilia uzito, hamu ya kula na mapigo ya moyo.

Mtu mzima anayeacha kazi nusunusu naye apimwe, hasa ikiwa ndugu zake wanakumbuka kuwa alikuwa hivyo tangu utotoni.