Kumchora Snoopy akiwa amelala juu ya paa

Mbwa wengi wa katuni za Marekani wanavumilia makosa ya mchoraji. Pluto wa Disney ukimkosea sikio, ulimi na mkia vitamtambulisha. Snoopy, yule mbwa mweupe wa katuni za Peanuts, ana mistari michache mno. Ukikosea mmoja tu, umeshachora mbwa mwingine.

Kabla ya kushika penseli, amua unamchora Snoopy wa miaka ipi. Charles M. Schulz alimchora tangu Oktoba 1950 hadi mwanzoni mwa 2000, mwenyewe, bila msaidizi, na katika muda huo mbwa alibadilika sana. Wa mwanzo ni mtoto wa mbwa anayetembea kwa miguu minne. Wa katikati ya miaka ya 1960 ana mdomo mrefu na shingo nyembamba. Baadaye kichwa kikajaa na mwili ukawa wa mviringo, na mwishoni mistari ina mawimbi kwa sababu mkono wa Schulz ulikuwa ukitetemeka. Anayekusanya picha ovyoovyo huishia na kichwa cha enzi moja juu ya mwili wa enzi nyingine, akabaki anashangaa kwa nini hafanani. Vipimo vya hapa vinamfuata yule aliyejaa, wa miaka ya 1970.

Tafuta karatasi ya A4 ya gramu 120 au zaidi, maana ile ya fotokopi hunyonya wino na mstari ukatanuka. Chukua penseli ya HB, raba laini, kalamu nyeusi ya 0.5 na nyingine nene ya kujazia. Schulz alitumia nibu ya kuchovya, Esterbrook 914. Nibu yoyote inayopanuka ukiibonyeza itakupa mstari unaonenepa na kukonda, jambo ambalo kalamu ya kawaida haiwezi.

Anza na paa la kibanda chake. Chora mstari wa mlalo wa sentimita 14, juu kidogo ya katikati ya karatasi: hapo ndipo atakapolala. Kibanda kionekane kwa ubavu, bila mlango. Ukikichora kwa mbele, ncha kali ya paa inajitokeza na kila mtazamaji atajiuliza mbwa haanguki vipi. Kwa ubavu, swali hilo halimjii mtu.

Upande wa kushoto, weka duara la sentimita 4 likigusa mstari. Hiki ni kisogo. Kutoka hapo mdomo unaelekea juu, sentimita 3 hivi, mnene na wa mviringo kama kidole gumba. Pua ni yai jeusi la sentimita 1, nalo halikai katikati ya ncha. Lisogeze kidogo kushoto, upande wa paji la uso. Ukiliweka katikati kabisa, anakuwa kama nguruwe.

Sikio ndilo linalowashinda wengi. Huchora kichwa kilichosimama, kisha wanakilaza pamoja na sikio lake, na sikio linabaki limenyooka kuelekea miguuni kama limegandishwa kwa gundi. Sikio la Snoopy ni zito na laini, huanguka chini vyovyote kichwa kilivyogeuka. Lianzie karibu na katikati ya duara, jembamba, lishuke likipanuka kama tone la maji, lipite mstari wa paa kwa nusu sentimita. Jicho ni kistari kifupi cha milimita 3. Kama amesinzia, weka kitao kidogo.

Shingo ni fupi, nayo hufunikwa na kola. Tumbo ni yai la urefu wa sentimita 5 na kimo cha 3, na kilele chake kiwe karibu na miguu kuliko kifua. Kilele kikija kifuani ataonekana amevuta pumzi akaizuia, na utulivu wote utapotea. Mkono mmoja ulale ubavuni. Nyayo ni ndefu, zimesimama wima, kila moja na vistari viwili vya vidole. Lile baka jeusi la mgongoni usilichore: amelilalia.

Kwenye wino, pitisha tumbo kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye kola hadi mguuni, ukisogeza mkono mzima na si vidole peke yake. Fanya majaribio matano au sita kwenye karatasi nyingine kwanza. Mstari uliounganishwa vipande vipande huonekana, hasa kwa mbwa mweupe asiye na manyoya ya kuuficha. Sikio lijazwe mwisho. Subiri dakika 10 ndipo ufute penseli, la sivyo raba itauburuta weusi wa sikio hadi shavuni.

Kibanda na kola ni vyekundu. Mwili uache weupe wa karatasi, usiutie kivuli cha kijivu. Ukitaka umbo lijitokeze, paka buluu nyepesi nyuma yake.