Kupanga nukta za desimali kwa FieldPosition kwenye Java

Ripoti yangu ya kwanza ilitoka na nukta zimepanda na kushuka kama ngazi mbovu. Nilikuwa nahesabu urefu wa maandishi yote, kumbe nilichohitaji ni kujua sehemu ya namba nzima inaishia wapi. Klasi ya FieldPosition, iliyomo ndani ya java.text, hukwambia hilo.

Anza hivi:

NumberFormat nf = NumberFormat.getInstance(Locale.US);
FieldPosition fp = new FieldPosition(NumberFormat.INTEGER_FIELD);
StringBuffer sb = new StringBuffer();
nf.format(1234.5, sb, fp);

Ndani ya sb utakuta 1,234.5. Sasa fp.getBeginIndex() inarudisha 0 na fp.getEndIndex() inarudisha 5, maana mkato wa maelfu nao unahesabiwa. Kuhesabu huanza 0, hivyo herufi iliyo nafasi ya 5 yenyewe, yaani nukta, haimo. Kwa 27.125 mwisho ni 2. Ukitaka nukta zote zikae safu ya 10, toa mwisho huo kwenye 10, kisha tanguliza nafasi tupu 5 kwa namba ya kwanza na 8 kwa ya pili. Tumia fonti yenye herufi za upana sawa, la sivyo kazi bure.

Mimi nilinaswa na sb. Niliitumia tena bila kuifuta, na kwa vile nafasi huhesabiwa tangu mwanzo wa sb, si mwanzo wa namba mpya, kila mstari ulizidi kupotoka. Weka sb.setLength(0) kabla ya kila namba.

Kwa tarehe, FieldPosition hukumbuka tokeo la kwanza tu la sehemu uliyotaja. Ukizitaka zote, tumia formatToCharacterIterator.